Ukoo wa Zawose: Jinsi Muziki wa Wagogo Ulivyorithiwa

Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Katika ukoo wa Zawose, ukoo wa Kigogo ambao muziki wake umesikika kutoka Dodoma hadi majukwaa ya Ulaya, Japani na Marekani, methali hiyo imekuwa kweli kwa pande zake zote mbili. Wanaume walishika ilimba na zeze, wakaongoza nyimbo, na majina yao yakaandikwa kwenye majalada ya kaseti na santuri. Wanawake walipiga ngoma na kuitikia. Tangu Hukwe Zawose, mpigaji aliyelitangaza jina la ukoo huo, alipoitwa Dar es Salaam, ilipita zaidi ya nusu karne ndipo mabinti wa nyumba hiyo wakatoa albamu kwa jina lao wenyewe, mwaka 2024.

Watu wakimwona mtoto wa mwanamuziki anaimba vizuri, husema mara moja kwamba ni damu. Mwingereza Francis Galton aliandika kitabu kizima mwaka 1869 kulitetea wazo hilo, akizipanga koo za majaji, washairi na wanamuziki wa Ulaya ili kuonyesha kuwa akili na kipaji hurithiwa kama urefu wa mwili. Historia ya akina Zawose ina jibu lake. Damu walikuwa nayo wote, wa kike kwa wa kiume. Mengine ndiyo yaliyoamua nani ajulikane na nani abaki nyuma: nani alikuwapo muziki ulipopigwa, nani aliruhusiwa kushika ala gani, na nani alikuwa karibu na mlango siku serikali, na baadaye kampuni za kurekodi, zilipobisha hodi.

Ugogo kabla ya 1938

Ugogo ni nchi kame ya katikati ya Tanzania. Mvua zake ni za msimu mmoja tu, tena hazitabiriki. Wenyeji hulima mtama na uwele, hufuga ng'ombe, mbuzi na kondoo, na hujua maana ya kusubiri wingu. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa lazima ipite hapo, na watemi wa Kigogo waliitoza hongo kwa ajili ya njia na maji.

Vita Kuu ya Kwanza iliivunja nchi hiyo. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua nafaka, mifugo na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua ziliposhindwa, hakukuwa na akiba. Njaa ya 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliua watu wapatao 30,000 katika nchi iliyokuwa na wakazi wapatao 150,000. Waliobaki ndio waliowazaa na kuwalea akina Hukwe Zawose. Ni watu waliojifunza kwamba mali inaweza kwisha kwa msimu mmoja, na kwamba kisichoweza kubebwa na askari ni kile kilicho kichwani na kifuani.

Muziki wa watu hawa ulifuata kalenda ya maisha. Kulikuwa na nyimbo za kuomba mvua, za kilimo, za mavuno, za jando na za kuwatuliza watoto. Msimu wa mavuno ulipokwisha na maghala yakiwa na kitu, ndipo ngoma zilipochezwa kwa wingi, na vijiji vikaalikana. Uimbaji wa Wagogo ni wa sauti nyingi. Mmoja huanzisha, wa pili huingia juu yake, wa tatu chini yake, kila mmoja na njia yake, na zote zikakutana bila kugongana. Wageni waliofika kusikiliza, akiwamo Hugh Tracey aliyezunguka Tanganyika mwaka 1950 na mitambo yake ya kurekodi, walipata muziki usiofanana sana na ule wa majirani.

Jambo kubwa kwa habari yetu ni kwamba katika mpangilio huo hapakuwa na watazamaji. Aliyekuwapo aliimba. Mtoto aliyebebwa mgongoni alisikia sauti ya mama yake ikitoka kifuani kabla hajaweza kusema, na alipofikia umri wa kusimama alikwishajua aingie wapi. Kwa hiyo muziki haukuwa mali ya ukoo mmoja. Kila nyumba ilikuwa nao. Lakini kazi ziligawanywa. Muheme, ngoma inayobanwa katikati ya mapaja na kupigwa kwa viganja, ilikuwa ya wanawake. Ilimba, zeze na filimbi zilikuwa mikononi mwa wanaume, ambao wengi walianza kuzipiga wangali vijana wachungaji, kwa sababu mchungaji ana kitu ambacho msichana wa kuteka maji na kutwanga hana: muda mrefu wa kukaa peke yake na ala.

Ilimba na wenzake

Ili kuelewa kilichorithiwa, ni vizuri kuitazama ilimba kwa karibu. Ni sanduku la mti lililochongwa likawa na uwazi ndani, na juu yake vimepangwa vyuma vyembamba vilivyofuliwa bapa, vikabanwa kwa upau ili ncha zake ziwe huru. Mpigaji huishika kwa mikono miwili na kuzibonyeza ncha hizo kwa vidole gumba. Ilimba ya kawaida ina vyuma vinavyopita 30, na zile kubwa hupita 60.

Si vyuma vyote vinavyoguswa. Vile vya katikati hukaa tu, vikitetema vyenyewe pale wenzao wa pembeni wanapopigwa, na ndivyo vinavyoipa ilimba ule mvumo usiokatika. Kwenye sanduku kuna tundu dogo, na juu ya tundu hilo hubandikwa utando wa buibui. Hewa inapotoka, utando hutetema na kuongeza mlio wa kukwaruza kidogo, mlio ambao fundi wa Kigogo huuona ni utamu wa ala na ambao fundi mitambo asiyeujua angedhani ni kasoro ya kipaza sauti. Utando ukichanika, sauti hufa, na mwenye ala huenda kutafuta mwingine ukutani.

Kulinganisha sauti za vyuma hivyo ni elimu yenyewe. Sauti za Wagogo zinafuata zile zinazozaliwa na uzi mmoja unapotetemeshwa, kama wanavyousikia kwenye ndono, upinde wenye kibuyu. Ndiyo maana ilimba, zeze na koo la mwimbaji hukubaliana bila mtu kuandika noti hata moja. Hakuna kitabu cha kumfundisha mtoto kwamba chuma hiki kimekaa chini kidogo na kisogezwe mbele. Anayejua hukisogeza kwa pigo dogo, akasikiliza, akakisogeza tena, na anayejifunza huketi pembeni yake. Elimu ya namna hii haipitishwi kwa barua. Inahitaji watu wawili ndani ya ua mmoja, kwa miaka.

1961 hadi 1980: Serikali yabisha hodi

Hukwe Ubi Zawose alizaliwa katika Mkoa wa Dodoma mnamo 1938, chini ya utawala wa Waingereza. Alikua akipiga ilimba, zeze na filimbi na kuimba kwa sauti ambayo baadaye ilisemwa kwamba hupanda na kushuka oktavu tano. Kama mambo yangebaki yalivyokuwa, angekuwa fundi aliyejulikana kwa vijiji vya jirani, akaalikwa kwenye mavuno na jando, na jina lake lingekufa pamoja na waliomsikia.

Yaliyobadilisha hayo yalitoka kwenye siasa. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961. Mwaka mmoja baadaye, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere aliliambia Bunge kwamba wakoloni waliwafanya Waafrika waone aibu ya mila zao, wakawa wanajua kucheza ngoma za Kizungu kuliko za babu zao. Akatangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Haikuchukua muda kikundi cha ngoma cha taifa kikaundwa, vijana wengine wakapelekwa China kujifunza sarakasi, na watafutaji wakaanza kutazama mikoani ni nani anayejua nini.

Habari za mpigaji wa Dodoma zilimfikia Nyerere, naye akamwalika Hukwe ahamie Dar es Salaam akafanye kazi katika kikundi cha taifa. Mwaliko huo wa miaka ya 1960 ndio njia panda ya kwanza katika historia ya ukoo huu. Kabla yake, Zawose lilikuwa jina kati ya majina mengi ya Ugogo. Baada yake, likawa jina la mtu anayelipwa mshahara kwa kupiga ilimba.

Kazi ya kikundi cha taifa ilikuwa na faida na gharama zake. Ngoma iliyokuwa ikichezwa tangu jioni hadi alfajiri ilifupishwa ikawa ya dakika chache, ikapangwa kwa mistari, ikavalishwa sare, ikapelekwa uwanja wa ndege kumpokea mgeni wa taifa au kwenye sikukuu ya kitaifa. Nyimbo za mavuno zilikaa jukwaa moja na nyimbo za kuisifu nchi. Msukuma alijifunza hatua za Mgogo, Mgogo akajifunza za Mmakonde. Kwa upande mmoja, muziki ulikatwa kutoka kwenye msimu wake. Kwa upande mwingine, kwa mara ya kwanza Mgogo aliyepiga ilimba alisikilizwa na watu wasiojua Kigogo hata neno, naye akalazimika kujifunza jinsi ya kuwashika watu hao kwa sauti peke yake. Ujuzi huo ulikuja kumfaa sana mbele ya safari.

Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Wakati serikali ikipanga kuelekea Ugogo, mwanamuziki mashuhuri wa Ugogo alikuwa amekwisha kuhamia pwani, na huko ndiko familia yake ilikokulia.

1981: Ua wa Bagamoyo

Mwishoni mwa miaka ya 1970 uchumi wa Tanzania uliyumba. Bei ya mafuta ilipanda, vita dhidi ya Idi Amin vikala fedha, na vikundi vya sanaa vya taifa vikavunjwa. Waliokuwa ndani yake wakawa mbegu ya Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981 katika mji wa kale wa pwani, mwendo wa kilomita 70 hivi kaskazini mwa Dar es Salaam. Hukwe alihamia huko. Wasanii waliokuwa wakionyesha sasa walitakiwa wafundishe.

Hii ndiyo njia panda ya pili, na naiona kuwa nzito kuliko ya kwanza. Kijijini, mtoto alifundishwa na kijiji kizima: ng'ombe, mavuno, jando na majirani wenye sauti zao. Bagamoyo hakuna mavuno ya uwele wala ndama wa kuchunga. Kuna bahari, minazi, misikiti na taarabu. Mtoto wa Kigogo aliyezaliwa hapo angeweza kukua bila kujua nyimbo za baba yake hata moja, kama walivyokua watoto wengi wa wahamiaji wa mjini.

Haikuwa hivyo kwa akina Zawose, kwa sababu ua wao ulichukua nafasi ya kijiji. Hukwe alikuwa na familia kubwa, na ndugu waliitwa kutoka Ugogo wakaja kukaa naye. Watoto, wajukuu na watoto wa ndugu walikua katika nyumba ambako ala zilitengenezwa, zililinganishwa sauti, zilikarabatiwa na kupigwa kila siku, na ambako mazoezi ya kazi ya baba na michezo ya watoto vilifanyika kwenye mchanga uleule. Aliyetaka kucheza ngoma alikuwa na ngoma. Aliyekosea kuitikia alisikia papo hapo kwamba amekosea.

Hapo ndipo muziki uliokuwa wa kabila ulipokuwa wa ukoo. Kilichofanya hivyo ni uhamisho, mshahara wa serikali na ukubwa wa nyumba. Chuo kilikuwa hatua chache kutoka hapo na kilifundisha vijana kutoka pande zote za nchi, lakini mwanafunzi wa chuo alikaa miaka michache akaondoka. Mtoto wa nyumbani hakuondoka.

Mgawanyo wa kale wa kazi nao ulihamia Bagamoyo pamoja na vyombo vya ndani. Wavulana walipewa ilimba na zeze. Wasichana walipewa muheme na nafasi ya kuitikia. Hakuna aliyekaa chini kuandika kanuni hiyo. Ilionekana kuwa ndivyo mambo yalivyo.

1985 hadi 2003: Sauti yavuka bahari

Mwaka 1985 kampuni ndogo ya London, Triple Earth, ilitoa albamu ya Tanzania Yetu, ambamo Hukwe Zawose alishirikiana na wenzake wa Bagamoyo akina Lubeleje Chiute na Dickson Mkwama. Ikafuatwa na Mateso. Huko Japani kampuni ya JVC nayo ilimrekodi na kumtambulisha kwa wasikilizaji wa Mashariki ya Mbali.

Wakati ulikuwa mzuri. Tamasha la WOMAD, lililoasisiwa na mwanamuziki Peter Gabriel na wenzake, lilikuwa limefanyika kwa mara ya kwanza Uingereza mwaka 1982, na mwaka 1989 ikazaliwa kampuni ya Real World. Maduka ya muziki ya Ulaya yalianza kutenga rafu kwa ajili ya nyimbo za dunia nzima. Real World haikumchukua Hukwe peke yake. Ilirekodi pia watu kama Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistani, ambaye ukoo wake uliimba kawali kwa karne nyingi. Wanunuzi wa muziki huo walipenda habari za koo: baba kumfundisha mwana, mjomba kumfundisha mpwa. Jina la familia likawa sehemu ya bidhaa.

Hukwe aliingia katika dunia hiyo pamoja na Charles Zawose, mtoto wa nduguye, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemlea kimuziki. Albamu yao ya Chibite ilitoka Real World mwaka 1996. Ukiisikiliza unasikia urithi ukifanya kazi: sauti nzito ya mzee inaanza, ya kijana inakuja kuikamata kwa juu, na ilimba mbili zinazungumza chini yao. Miaka michache baadaye zikaja Mkuki wa Rocho na Assembly, hii ya pili ikiwa kazi ya pamoja na mpiga gitaa Michael Brook wa Kanada, aliyeweka sauti za studio juu ya ala za Ugogo. Mwaka 2002 Hukwe na Charles walikuwa Amerika ya Kaskazini wakimtangulia jukwaani Peter Gabriel katika ziara yake, mbele ya maelfu ya watu waliokuwa wamenunua tikiti ili kusikia muziki wa roki.

Nyumbani hali ilikuwa nyingine. Miaka ya 1990 ilileta redio za binafsi, na redio zilileta muziki wa vijana ulioitwa Bongo Fleva. Mtu aliyeshangiliwa London angeweza kutembea Kariakoo bila kutambuliwa. Kaseti za ngoma za asili hazikuwa na nafasi kubwa hewani, ingawa Saida Karoli alipovuma mwaka 2001 kwa nyimbo zenye asili ya Buhaya, alionyesha kuwa Watanzania hawakuwa wamezichoka nyimbo za kwao. Walikuwa hawapewi tu.

2003 na 2004: Misiba miwili

Hukwe Zawose alifariki dunia tarehe 30 Desemba 2003. Charles, aliyetazamwa na wote kama mrithi wake, alimfuata mwaka 2004. Kwa muda wa miezi, ukoo ulipoteza mwalimu na mwanafunzi wake mkuu. Katika familia nyingi za wasanii habari ingeishia hapo, kwa kuwa ujuzi uliopitishwa kwa mtu mmoja hufa na huyo mmoja.

Sheria ilikuwa imekwisha kuweka utaratibu wa mali. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na warithi wake wana haki ya kufaidi. Lakini hakimiliki hulinda wimbo uliokwisha kutungwa. Haimfundishi mtu kulinganisha sauti za ilimba.

Ua wa Bagamoyo ndio uliookoa hali. Kwa kuwa muziki haukuwa siri ya baba na mrithi mmoja, walibaki watu wengi waliokuwa wamekaa karibu. Kundi la familia liliendelea kupiga kwa jina lilelile la Chibite. Mwezi Februari 2004, wiki chache tu baada ya mazishi ya mzee, tamasha la Sauti za Busara lilianza Unguja, na pwani ikapata jukwaa jipya la muziki wa Afrika unaopigwa moja kwa moja. Mwaka 2007 chuo cha zamani kikageuzwa kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Nyumba ya Zawose ikabaki jirani yake, ikiendesha shule yake isiyo na cheti.

Zamu ya wana wa kiume

Aliyejitokeza zaidi katika kizazi cha pili ni Msafiri Zawose, mwana wa Hukwe. Alikuwa na deni mara mbili: wasikilizaji wa zamani walitaka asikike kama baba yake, na rika lake lilitaka kitu cha kuchezea. Alichofanya ni kuziweka ilimba na zeze katikati na kuzizungushia besi, gitaa na midundo ya mashine. Albamu yake ya Uhamiaji ilitolewa na kampuni ya Soundway ya London mwaka 2017.

Wapo walionung'unika kwamba Ugogo umeyeyushwa. Wanasahau kwamba mzee mwenyewe alianza kazi katika kikundi cha taifa kilichofupisha ngoma, na akamaliza kwa kurekodi na mpiga gitaa wa umeme. Kila kizazi cha nyumba hii kilipokea muziki ukiwa umekwisha kubadilishwa na kilichotangulia. Kisichobadilika ni ulinganishaji wa sauti za vyuma na namna sauti zinavyoingiana, yaani vile vitu ambavyo mtu hawezi kuvipata bila kukaa karibu na anayevijua.

2024: Mabinti washika ilimba

Wakati wanaume wanasafiri, nani alikuwa nyumbani? Wanawake. Na waliposafiri wote pamoja, nani alisimama nyuma akiitikia kila wimbo, usiku baada ya usiku? Ni hao hao. Anayeitikia lazima ajue wimbo mzima: sehemu yake na ya kiongozi pia, kwa sababu asipoijua ya kiongozi hajui aingie lini. Wasichana wa ukoo walikuwa wanafunzi wa muziki wa Hukwe kwa miaka mingi bila mtu kuwahesabu kuwa wanafunzi.

Pendo Zawose ni binti wa Hukwe, na Leah Zawose ni mjukuu wake. Wote wawili walikulia katika muziki wa familia. Kwa jina la The Zawose Queens walikwenda mbele ya jukwaa, wakaongoza nyimbo na kupiga ala zilizokuwa za akina kaka, bila kuiacha muheme, ngoma ya mama zao. Mwaka 2024 Real World, kampuni ileile iliyotoa Chibite miaka 28 kabla, ilitoa albamu yao ya Maisha, yenye nyimbo za Kigogo na Kiswahili.

Wasikilizaji waliowahi kumsikia Hukwe wanatambua mara moja wanachokisikia: sauti inayoruka kutoka kifuani hadi utosini, ilimba inayozunguka, waitikiaji wanaopishana. Tofauti kubwa iko kwenye muheme. Katika rekodi nyingi za zamani ngoma za wanawake zilikuwa kwa mbali. Hapa zimesogezwa karibu, na ukizisikia unaelewa kwamba sehemu kubwa ya uzito wa muziki wa Wagogo ilikuwa hapo tangu mwanzo.

Walioushangaa ufundi wao wajue kwamba Pendo na Leah hawakuanza kujifunza walipopewa nafasi. Walipopewa nafasi, walikuwa wamekwisha kujua. Nafasi hiyo ilichelewa kwa kizazi kizima, na katika uchelewaji huo kuna sauti ambazo hazikurekodiwa kamwe: za wake, dada na shangazi walioijua kazi na kufa wakiitwa waitikiaji.

Kilichorithiwa

Tukiifuata habari hii tangu Mtunya hadi Maisha, tunaona kwamba ukoo huu haukuokolewa na damu. Uliokolewa na uamuzi wa serikali wa miaka ya 1960 uliompa mpigaji mmoja mshahara. Na nyumba kubwa iliyojaa ala na watoto. Na mtu ambaye hakuuficha ujuzi wake kwa mrithi mmoja. Ulicheleweshwa na desturi iliyowapa wavulana chombo na wasichana kiitikio. Ondoa sababu hizo na ukoo wenye damu ileile ungebaki na jina tu.

Ugogo bado una wapigaji wasio na jina kubwa, na wengi wao ni wazee. Vivyo hivyo Unyamwezi, Ukerewe, Umakonde na pwani yote. Mwenye mzee wa namna hiyo nyumbani asingoje tamasha wala msaada wa wizara. Amrekodi kwa simu aliyonayo mfukoni, aandike majina ya nyimbo na nani alimfundisha, kisha amkalishe mtoto karibu naye, wa kiume na wa kike, na wote wawili wapewe ala waishike.